Katambuga Kwenye Mpini

Sakafu ndiyo iliyowakosanisha watu na Mama Swichi kabla hata hajafungua mdomo. Aliipiga deki mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kwa sabuni ya kipande, na ukifika mlangoni mwa nyumba ya mtambo ulivua viatu, uwe nani uwe nani. Diwani alivua. Mchungaji alivua. Mzungu mmoja aliyekuja kuikagua turbini alivua akabaki na soksi yenye tundu la kidole gumba, na Mama Swichi akamletea sindano na uzi bila kucheka. Mimi, katibu wa ushirika wa umeme, mwenye mhuri na funguo za ofisi, nilivua miaka kumi na minane, na bado kila siku alizikagua nyayo zangu.

Ushirika wenyewe ni mdogo, usije ukadhani nazungumzia shirika. Tuko milimani nyuma ya Mpwapwa, mahali ambapo kijito kinashuka kwa kasi ya kuzungusha mtambo mmoja. Tunawasha vijiji vitatu, zahanati, sekondari moja, mashine za kusaga na saluni ambayo ikikosa umeme Jumamosi utasikia matusi. Mama Swichi ndiye aliyekuwa mwendeshaji mkuu. Ukutani mwa nyumba ya mtambo kulikuwa na swichi tatu kubwa, moja kwa kila laini, kila moja na mpini wake wa chuma. Ukiinua mpini, kijiji kinawaka. Ukiushusha, kijiji kinazimika. Kazi yake ilikuwa kujua lini auinue na lini aushushe, na jina akalipata hapo. Jina lake la kanisani nalijua, lakini sitalitaja, maana hata yeye ukimwita kwa hilo alichelewa kugeuka.

Alikuwa mkali, siwezi kumpamba. Mtu akimwambia "fanya haraka" alipunguza mwendo makusudi. Mwenyekiti wetu alipomwita "bibi" mbele za watu, alimnyima salamu tangu mahindi yako shambani hadi yakaingia ghalani. Alikataa kabisa kuonekana mzee. Umri wake ulibadilika kila alipoulizwa, na mara zote ulishuka.

Halafu usishangae nikikuambia kwamba mtu huyo huyo, aliyezilinda zile swichi kama watoto, alikuwa anataja namba yake ya siri ya simu kwa sauti kwenye kibanda cha kutolea pesa. Nilisimama nyuma yake foleni nikamsikia kwa masikio yangu: "Mwanangu, macho yangu hayaoni, bonyeza moja, tisa, sita, sita." Foleni nzima ikasikia. Nilipomfokea njiani alinijibu kwamba pale ndani kuna pesa yake mwenyewe, ikiibiwa atalala njaa yeye, lakini kwenye mtambo kuna watu. Nyumbani kwake alipiga nguo pasi ya mkaa. Umeme aliuzalisha siku nzima, ila kuushika mkononi kwa ajili ya gauni, hapana, aliuogopa.

Chakula chake zamuni kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na ukimkuta anakula ulikaa ukala. Hapo hakuwa na ukali. Alifuma masweta ya watoto wa shule huku sikio likiusikiliza mtambo, na katikati ya mshono aliweza kusema, "Kuna majani mlangoni mwa mfereji," na ukienda kutazama unayakuta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa kijijini hawalijui, au walilijua wakanistahi.

Zamani tuliendesha swichi kwa simu. Fundi wa laini akipanda nguzo, mtu anapiga simu mtamboni, "zima." Akishuka anapiga, "washa." Ndivyo tulivyofanya na hakuna aliyeona ubaya. Siku moja tulikuwa na mkutano mkuu wa wanachama, wageni wamefika kutoka Dodoma, na kipaza sauti kikafa. Laini ya pili ilikuwa imezimwa. Niliona aibu. Nikachukua simu, nikainenepesha sauti, nikasema: "Hapa ni mkubwa anaongea. Laini ya pili bado imezimwa kwa nini? Washa sasa hivi, nina wageni."

Hakukuwa na mkubwa yeyote aliyesema. Nilikuwa mimi na haraka yangu.

Mama Swichi akajibu, "Shikamoo mkuu," akainua mpini. Fundi wa laini alikuwa juu ya nguzo kijiji cha chini. Hakufa. Mkono wa kulia ulikatwa hospitalini siku ya tatu.

Hakuna anayeweza kuelewa kosa lile kama hakulelewa kwetu. Ukiambiwa "mkubwa" huulizi mkubwa gani. Unaamkia kwanza, unatii, maswali yanakuja baadaye kama yana nafasi. Mama Swichi alilelewa hivyo, nami nililijua hilo nilipoinua simu, ndiyo maana nililitumia. Kamati ilipomhoji alisema neno moja tu: "Niliwasha mimi." Sauti yangu alikuwa ameitambua, kwa sababu baada ya kikao alinipita mlangoni akasema taratibu, "Katibu, kikohozi chako kimepona?" Sikuwa na kikohozi. Akapewa barua ya onyo. Barua ile niliichapa mimi, kwa mikono yangu miwili, nikaipiga mhuri.

Naandika haya bila kumwomba mtu msamaha. Waliostahili kuombwa niliwaomba wote wawili, kwa kuchelewa mno, na fundi alinisamehe. Mama Swichi alisema atafikiria.

Baada ya ajali ile ndipo ilipoanza kazi ya katambuga. Fundi wa laini akitaka kupanda nguzo anakuja kwanza mtamboni kwa miguu yake. Anavua katambuga zake za matairi, anavaa mabuti ya kazi, na katambuga moja anaitundika kwenye mpini wa laini anayokwenda kuigusa. Nyingine inabaki sakafuni. Mpini wenye katambuga haushikwi. Haushikwi na Mama Swichi, haushikwi na mwenyekiti, wala simu ya mtu yeyote chini ya mbingu haiuinui. Mwenye katambuga akimaliza kazi anarudi mwenyewe, anaitoa mwenyewe, anaivaa. Na huwezi kwenda nyumbani kwako na katambuga moja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kusahau. Simu zilipigwa, oh, zilipigwa sana. Mwenye mashine ya kusaga analia, mwalimu mkuu analia. Mama Swichi alikuwa na jibu moja: "Njoo na miguu yako." Tangu siku ile hakuna fundi aliyeumia.

Ndipo ikaja ruzuku.

Serikali ilitangaza fedha za kuzisaidia kampuni ndogo za umeme zijilinde na wezi na wahuni wa mtandaoni. Nami niliomba, na sijutii kuomba, maana tulihitaji. Kompyuta yetu ya kuuzia umeme wa mita ilikuwa imeshika virusi kwa upumbavu wangu: niliruhusu kila mwenye flashi aje kunakili nyimbo za kwaya. Siku nne hakuna aliyeweza kununua umeme. Zahanati ilihamishia chanjo zake Mpwapwa mjini kwa bodaboda, ndani ya ndoo ya barafu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sisi wa milimani tunaogopa vitu vipya. Hata Mama Swichi alifurahi barua ya kukubaliwa ilipofika. "Hela ya serikali ni yetu," alisema. "Ije, ila ije ifanye kazi."

Mafunzo yalifanyika darasani sekondari. Mkufunzi alikuwa mzuri, alitufundisha nywila na namna ya kuwatambua matapeli, na Mama Swichi alikaa mstari wa mbele na miwani yake akiuliza maswali mpaka tukachelewa chakula. Alirudi kibandani wiki ile ile akabadilisha namba yake ya siri, kisha akamtajia binti wa pale namba mpya.

Balaa lilikuja na mkandarasi. Kampuni iliyopewa kazi ya kufunga vifaa ilimtuma mhandisi mmoja, mtu wa makamo, mpole, viatu vinang'aa. Alivua bila ubishi. Alitufungia kompyuta mpya, akatufungia kisanduku cheusi chenye taa za kijani, halafu kwenye kila mpini akafunga mota ndogo. Akatueleza kwa fahari kwamba sasa hata kukiwa na hitilafu usiku wa manane, ofisi yao Dodoma itainua na kushusha swichi zetu kwa kubonyeza. Hatutasumbuka tena. Kilichobaki ni cheti cha kupokea kazi, na cheti kilidai saini ya mwendeshaji mkuu. Bila saini ile mkandarasi halipwi, na mwaka wa fedha ukifungwa vifaa vyote vinang'olewa vinarudi, kompyuta ikiwemo, na sisi tunaandikwa kuwa ushirika uliokataa msaada.

Siku hiyo katambuga ya fundi wetu wa sasa ilikuwa kwenye mpini wa laini ya pili.

"Baba," Mama Swichi alimwambia mhandisi, "huyo wa Dodoma akitaka kuinua mpini huu, ataiona hii?"

"Hapana, Mama. Lakini hawezi kuinua bila nywila."

"Nywila anayo nani?"

"Tunayo sisi."

"Sisi nani?"

"Ofisi, Mama."

"Ofisi ina watu wangapi?"

Mhandisi akacheka kwa adabu. Mama Swichi akaenda kwenye begi lake la kufumia, akatoa kile kijitabu tulichopewa mafunzoni. Ndani kulikuwa na picha ya kisanduku kama chetu, kilichofungwa kwenye ushirika mwingine, na tumboni mwa kile kisanduku karatasi imebandikwa yenye maneno. Akatuonyesha karatasi iliyo tumboni mwa chetu. Nywila ile ile, herufi kwa herufi. Kila aliyehudhuria mafunzo alikuwa na ufunguo wa mtambo wetu mfukoni mwake, na alipewa kwenye somo la kulinda funguo.

"Hiyo tutaibadilisha," mhandisi akasema.

"Badilisheni. Na mnifungie swichi ya mkono hapa ndani, ya kuukata huo waya wenu wa mtandao. Katambuga ikiwa juu, mimi naukata. Ikitoka, naurudisha. Halafu nasaini hata mara kumi."

"Mama, hiyo haimo kwenye mkataba."

"Basi ingizeni."

"Mama, saini tu, ni utaratibu. Mwaka unafungwa."

"Haya, fungeni mwaka. Mimi nafunga mlango."

Nikamwona mwenyekiti akinitazama nimsaidie. Nikamsihi. Nikamwambia, Mama, fikiria kompyuta, fikiria zile siku nne. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Alimwita fundi kutoka laini, akahakikisha amefika, amesimama pale sakafuni mbele ya macho yetu, na fyuzi za laini ya pili zimetolewa pale nguzo ya kwanza ili umeme usivuke hata ukiwashwa. Katambuga akaiacha kwenye mpini. Kisha akanigeukia.

"Katibu, mpigie wa Dodoma. Wewe wakubwa unajua kuwaiga."

Mwenyekiti hakuelewa, fundi hakuelewa. Mimi nilielewa. Ningeweza kukataa. Nikachukua simu, nikaiweka sauti ya nje, na maneno yakatoka yale yale, kana kwamba yalikuwa yakinisubiri kooni miaka yote.

"Hapa ni mkubwa anaongea. Laini ya pili bado imezimwa kwa nini? Washa sasa hivi, nina wageni."

"Shikamoo mkuu," sauti ya mwanamume ikajibu. "Samahani sana. Dakika moja."

Hakuuliza mkubwa gani. Mota ikanguruma, mpini ukapanda taratibu wenyewe bila mkono wa mtu, na katambuga ikateleza ikaanguka kwenye ile sakafu safi. Fundi aliiokota akatoka nayo nje. Nilimwona dirishani amekaa kwenye jiwe, ameishika, hajaivaa.

Mhandisi, na soksi zake, alisema yule mwenzake ataonywa vikali.

"Mwandikieni barua," Mama Swichi akasema, akinitazama mimi. "Katibu atawachapia."

Ungedhani hapo mambo yaliisha. Wapi! Kamati ilikaa siku mbili. Mkandarasi alibadilisha nywila, akasema kosa lilikuwa la mtu mmoja wala si la mfumo, na swichi ya mkono hatafunga kwa sababu hakulipwa kuifunga. Ofisi ya ruzuku tuliiandikia. Ikajibu kwamba hoja imepokelewa. Wanachama nao wakagawanyika. Wako waliosema bibi anatuletea nuksi kwa sababu ya kiatu. Kiatu! Watu ambao wamemwona yule fundi wa zamani akifunga vifungo vya shati lake kwa mkono mmoja na meno. Nilikasirika, ila nilinyamaza, na sijisifu kwa kunyamaza.

Mwishowe walipata njia. Mama Swichi alipewa likizo ya kupumzika, kwa shukrani nyingi na kitenge, na mimi nikateuliwa kukaimu uendeshaji mkuu. Saini ikawa yangu.

Aliondoka asubuhi akiwa ameshapiga deki. Alikwenda kukaa kwa mdogo wake Gulwe, kule chini kwenye reli.

Siku ya mwisho ya cheti ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilikiweka ndani ya bahasha, nikashuka Mpwapwa, nikachukua bodaboda hadi Gulwe. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka anabangua karanga, sweta jipya la mtoto begani linasubiri mkono wa pili.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Katibu. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. "Mtambo unasemaje?"

"Unazunguka."

"Sakafu?"

"Nimeipiga deki mwenyewe."

"Mara ngapi?"

Nikadanganya, akajua. Akanisogezea kigoda na ungo, nikaanza kubangua. Bahasha ilikuwa gotini kwangu, na hakuitazama hata mara moja, ndipo nilipojua ameiona tangu nilipoingia.

"Mama, nimekuja na kile cheti."

"Nimesikia uliteuliwa. Hongera."

"Nisaini?"

Alibangua karanga mbili, tatu.

"Hukuja kunisalimia," akasema. "Umekuja unitie na mimi kwenye saini yako, halafu ukirudi uwaambie hata Mama Swichi amekubali. Sina hiyo ruhusa ya kukupa. Nilishabeba kosa lako moja, Katibu. Mgongo wangu umechoka."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga kwenye bodaboda: kompyuta, chanjo, watoto wa sekondari, mwaka wa fedha. Yote ni ya kweli mpaka leo. Lakini niliona tu yule fundi wetu wa sasa, kijijini kwetu anajiandaa kwa kazi ya mchana, na ile mota juu ya mpini inasubiri mtu yeyote mwenye sauti nene.

Simu yangu ikalia. Mwenyekiti.

"Katibu, uko wapi? Mhandisi yupo hapa anasubiri. Umeshasaini?"

"Sijasaini, Mwenyekiti," nikasema.

"Nini? Sikusikii, mtandao unakatika. Nimesema umesaini? Wakubwa wanasubiri huku."

Mama Swichi hakuinua kichwa kwenye ungo. "Hakukusikia," akasema. "Nenda pale kwenye tuta la reli, ndipo mtandao unapokaa."

Nikasimama. Nikatoka uani, nikapita kwenye zizi la mbuzi, nikapanda lile tuta la kokoto na viatu vyangu vya ofisini vinateleza, mpaka nikasimama katikati ya reli. Hapo simu ikasikika vizuri kabisa, nikamsikia mwenyekiti anapumua.

"Sisaini, Mwenyekiti," nikasema, kwa sauti yangu. "Wafunge swichi ya mkono ndipo nisaini. Na hao wakubwa waambie mimi nimeuliza ni wakubwa gani."